Aliyefanya Mtihani wa Jillo

Ukitaka kucheka, cheka sasa, kwa sababu mbele hakuchekeki. Haya sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo, na sahihi iliyotiwa siku ile ni yangu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, mto Tana umefura, mashamba yote yamo majini. Mimi nilikuwa mwalimu huko Tarasaa, nikapewa kazi ya kusimamia mtihani karibu na kijiji cha Wema. Watahiniwa walikuwa walimu wasio na cheti, waliosomea ualimu kwa njia ya posta. Waliowafundisha hawakuwahi kuwaona, na mimi pia sikumjua hata mmoja. Kazi yangu ilikuwa kutazama kadi yenye picha, kutazama uso, kisha kutia sahihi kwamba huyu ndiye. Nilikuwa mkali, we acha tu! Nilijisifu kwamba hakuna wa kunipita na kadi ya mwenzake.

Saa mbili kasoro asubuhi akaingia bwana mmoja mwenye kovu juu ya nyusi. "Asalaam aleikum," nikamwambia. Hakuitikia. Nikadhani ni woga wa mtihani. Kadi ilisema Jillo, na picha ilikuwa yeye, kovu na yote. Kadi ilikuwa imelowa chapachapa, lakini shati lake kavu. Niliona hilo, wallahi niliona. Nikaifuta kadi kwa mkono wa shati langu, nikatia sahihi.

Nusu saa haijaisha, mlangoni akasimama mtu aliyerowa mwili mzima, anahema.

"Asalaam aleikum, mwalimu. Nisamehe. Mtumbwi umeyumba, mkoba wangu umekwenda na maji. Kadi ilikuwa ndani. Mimi ni Jillo."

Nikamtazama. Kovu juu ya nyusi. Nikageuka kumtazama yule wa ndani, ameinama anaandika. Kovu lilelile, mahali palepale.

"Una pacha?"

"Sina." Akachungulia dirishani, akarudi nyuma. "Mwalimu, yule si mtu. Muulize jina la mama yangu. Hatalijua."

Kwani kuuliza kungenigharimu nini? Lakini sheria ilikuwa mtahiniwa akishaanza kuandika hasemeshwi, na mimi kwa sheria nilikuwa sina mchezo. Nikamwambia mwenye kadi ndiye Jillo. Akanisihi mpaka machozi yakamtoka. Kwao ni Chewele, miaka sita anafundisha ng'ambo ya mto bila cheti, na ameshaambiwa akikosa mtihani huu kazi hana tena. Nikalegea kidogo tu.

"Basi kamlete mwalimu wako mkuu akutambue. Kabla ya saa nne."

Akakimbia kurudi mtoni. Mimi ndiye niliyemtuma.

Saa nne na kitu tukasikia mayowe kutoka ukingoni. Askari aliyekuwa akilinda mlango akaenda kuangalia, akarudi kuninong'oneza. "Ni yule uliyemrudisha, mwalimu. Hakumngoja mwenye mtumbwi, amevuka peke yake. Wamemtoa, amekufa." Watahiniwa wote walikuwa wameinua vichwa. Mmoja tu aliendelea kuandika.

Saa tano akaja mezani, akaniwekea karatasi zake mkononi. Kwa mara ya kwanza akanitazama usoni.

"Waaleikum salaam," akasema, kwa sauti ya Jillo.

Akatoka, akashika njia ya mtoni. Sikumfuata; nilizifunga karatasi zake pamoja na za wenzake.

Matokeo yalipotoka, mama yake Jillo alisafiri kutoka Chewele mpaka kwangu na karatasi mkononi. Jillo amepita. "Mwalimu," akaniambia, "mwanangu walimtoa majini saa nne. Hapa panasema amepita, na mtihani ulikwisha saa tano. Wewe ndiye uliyetia sahihi kwamba ni yeye. Niambie, ni yupi niliyemzika?"

Nikampa kiti, nikamrudishia karatasi yake. Kusimamia mitihani niliacha. Nikimsalimu mtu akachelewa kuitikia, jasho linanitoka, hata akiwa mke wangu jikoni.

Kwa hiyo wewe uliyepewa kazi ya kuthibitisha watu, usiitegemee picha. Msalimu mtu, ungoje aitikie. Muulize mama yake anaitwa nani. Mama yake Jillo anaitwa Hadhija. Nililijua jina hilo siku aliyokuja kuniuliza.