Gonga, Taja Jina, Subiri

Siku yangu ya kwanza kazini nilitandika kitanda kimoja asubuhi nzima. Ilikuwa gesti moja mjini Bukoba. Nilikuwa nimetoka nyumbani Kahororo nikiamini kwamba kazi naijua, maana nilijifundisha mwenyewe kwa kutazama video kwenye simu, kisha nikafanya mazoezi kwenye kitanda cha mama mpaka akaogopa kukilalia. Meneja wa gesti alikuja mchana akanikuta bado nahangaika na kona ya shuka.

"Koku, vyumba vingine je?"

"Hiki hakijanyooka, bosi."

"Mgeni anakuja kulala, haji na rula. Toka hapo!"

Nawaandikia mabinti mnaoanza kazi ya usafi wa hoteli sasa. Mtashangaa kuona mtu ambaye hajafikisha hata miaka arobaini akisimulia kazi kama mzee. Lakini kwetu sisi umri wa kazi huhesabiwa kwa magoti na mgongo, na mimi nimekwisha kustaafu. Nakiri pia kwamba mwanzo huu nimeufuta na kuuandika upya mara nyingi. Ndiyo maradhi yangu. Nikiona kitu kimepinda, sili wala silali.

Kutoka gesti nilihamia hoteli ya ufukweni, upande wa Muleba. Huko nilikuwa chini ya Mkuu wa Usafi, Ma Adelaida, mzaliwa wa Izimbya. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole, na hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Hata moto wa jikoni ulipowaka siku moja, alitembea.

Yeye ndiye aliyenifundisha lugha ya kazi. Chekauti ni chumba ambacho mgeni anaondoka, na hicho unakivua kila kitu mpaka godoro libaki tupu. Stei ni chumba ambacho mgeni bado yupo. Humo unasafisha na kunyoosha, lakini mali yake huisogezi: miwani ukiikuta juu ya Biblia, inabaki juu ya Biblia. Masta ni ufunguo unaofungua vyumba vyote, na aliyepewa huuvaa shingoni. Ila masta haina nguvu juu ya komeo. Mgeni akishasukuma komeo kwa ndani, ni yeye tu wa kufungua.

Halafu kulikuwa na somo la mlango. Hilo Ma Adelaida alilifundisha kuliko yote. Unagonga mara tatu kwa kifundo cha kidole, kamwe si kwa ufunguo. Unataja kazi yako na jina lako. Unarudi nyuma hatua moja, mikono mbele, ili mgeni akichungulia kwenye kitundu akuone wote. Kisha unasubiri.

"Nasubiri mpaka lini, Ma?"

"Mpaka aliye ndani aamue. Ukigonga huku unafungua, hujagonga, umevamia. Mlango ni wa aliye ndani, waitu," alisema, neno letu la Kihaya la kumwita mtu kwa upendo.

Mimi kwa woga wangu nilikuwa nagonga taratibu mno, wageni hawasikii, nabaki nimesimama koridoni kama sanamu ya kanisani. Erasto, mhudumu wa ufukweni, alikuwa akipita na viti vyake ananicheka. Alitoka visiwani, mtoto wa wavuvi.

"Dada Koku, unagonga au unaubembeleza mlango ulale?"

"Wewe kapange viti vyako."

"Nyie Wahaya! Mpaka mito mnaivalisha kama inakwenda harusini."

Nilikuwa najifanya nimekasirika. Ukweli ni kwamba nilikuwa nasikiliza kama anakuja.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili asubuhi, muda wa chekauti. Nilikuwa kwenye chumba cha Mwalimu, bibi mmoja mstaafu kutoka Dodoma aliyekuja kuliona ziwa kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alikuwa ananisimulia habari za wajukuu. Kupitia dirishani niliona boti ikikaribia ufukwe, kama zile za kutuletea sato. Erasto alitelemka kuipokea kamba, kama kawaida yake. Alikuwa amenyoosha mkono walipompiga risasi.

Walikuwa magaidi. Sababu walizozitoa sitaziandika, maana hazistahili kukaa ukurasa mmoja na Erasto.

Risasi iliyofuata ilivunja dirisha letu, na kipande cha kioo kikamchana Mwalimu mkono juu ya kiwiko. Nilisukuma komeo, nikamburuta mpaka bafuni, nikaufunga mkono kwa foronya na kuugandamiza. Damu ikapita. Nikaongeza taulo. Nje nilisikia watu wakikimbia koridoni, kisha mlango wetu ukapigwa kwa kitu kizito.

"Polisi! Fungueni!"

Nilitaka kufungua. Mwalimu alinishika gauni kwa mkono mzima, akatikisa kichwa. Wakahamia mlango wa jirani, wakaita vilevile, na jirani akafungua. Tulichokisikia baada ya hapo kilitufundisha kwamba hawakuwa polisi.

Kwa hiyo polisi wenyewe walipofika, wakapambana nao na kuwamaliza, hakuna aliyewaamini. Walipita na kipaza sauti: "Mko salama sasa, fungueni!" Korido nzima kimya. Vyumba vingine vilikuwa na kitanda kimeegemezwa mlangoni na watu nyuma yake. Mwalimu alikuwa ameanza kuwa mzito mikononi mwangu, midomo imepauka. Nilijua lazima atoke. Nilijua pia kwamba nikikosea mlango huu, tumekufa wote wawili. Mimi ambaye hushindwa kuchagua upande wa kukunjia taulo, ndiye niliyeachiwa hilo.

Yaliyotokea koridoni nilisimuliwa baadaye. Mkuu wa polisi hakutaka kuvunja milango juu ya majeruhi. Alimwona Ma Adelaida kwenye bustani pamoja na waliookolewa, masta shingoni.

"Mama, hawa watu watakufungulia wewe?"

"Nikiwagongea, afande. Ila askari wako wasimame mbali, wanyamaze."

"Hatujahakikisha vyumba vyote. Naweza kukupa watu wa kutangulia."

"Wakitangulia, hawatafungua."

Nilichosikia mimi ni hiki. Mlango uligongwa mara tatu kwa kifundo cha kidole. "Usafi. Ni Adelaida." Kisha kimya.

Nilingoja mlango upigwe teke. Haukupigwa. Nilingoja sauti ya kuniharakisha. Haikuja. Kimya kile kilikaa pale nje, kwa adabu, na kadiri kilivyokaa ndivyo nilivyoamini. Muuaji hasubiri. Nikaenda nikachungulia kwenye kitundu. Alikuwa amerudi nyuma hatua moja, mikono mbele, aonekane wote, katikati ya korido ambayo bado haijahakikishwa.

Nikafungua.

"Kasinge, mwanangu," alisema, yaani asante, kana kwamba nimemletea shuka. Wauguzi walipita wakambeba Mwalimu. Aliishi, hadi leo hunipigia simu. Ma Adelaida akaenda mlango uliofuata, kwa mwendo uleule, mpaka mwisho wa korido.

Erasto tulimzika kisiwani kwao. Hoteli ikafungwa kwa miezi. Ilipofunguliwa nilirudi, nikasimama mbele ya mlango wa kwanza, nikainua mkono, na mkono ukakataa. Nilisimama hivyo mpaka Ma Adelaida akanikuta. Nilijua nitafukuzwa, na ningemwelewa.

"Ingia ndani," alisema. "Leo mimi ndiye nitakayegonga."

Nikakaa kwenye chumba kitupu, komeo limesukumwa. Akagonga, akataja jina, akasubiri. Kila asubuhi kabla ya kazi tulifanya hivyo. Siku nyingine sikufungua kabisa, naye aliondoka, kesho yake akarudi. Hatimaye siku moja nilifungua upesi, nikamwambia, "Ma, sasa wewe ingia ndani." Nilimgongea. Alikawia kidogo kufungua. Nilidhani ananipima subira.

Nilifanya kazi miaka kadhaa baada ya hapo, mpaka mgongo uliposema basi. Sasa nakaa Hamugembe, nafundisha mabinti kutandika, na bado napima kona kwa macho hadi wanachoka nami. Watu huniuliza ujasiri ni nini. Zamani ningesema ni kutokuogopa, na kwa hiyo mimi simo.

Mwezi uliopita nilikwenda Izimbya kumsalimia Ma Adelaida, ambaye naye amestaafu. Nilibeba sukari na sabuni. Ilikuwa mchana kweupe, majirani wako mashambani wanapalilia migomba, na kila nyumba niliyoipita mlango ulikuwa wazi. Wa kwake ulikuwa umefungwa. Nikagonga mara tatu.

"Usafi. Ni Koku."

Nikarudi nyuma hatua moja, mikono mbele. Kwa ndani nikasikia kiti kikiburutwa kutoka nyuma ya mlango. Kisha kitu kingine, kizito zaidi, labda meza. Kisha komeo, likasita.

Nikakumbuka alivyokawia kufungua siku ile nilipomgongea. Nilisubiri.