Cheti changu kina tundu la msumari

Leo nimesimama mbele ya karani wa chuo nikiomba Mungu asione lile tundu.

Ameliona.

Jumatatu naanza kusomea uafisa wa kliniki hapa Kisumu. Leo walikuwa wanakagua vyeti halisi, na barua ya chuo ilisema kilichoharibika hakipokelewi.

Changu cha kidato cha nne kimekaa miaka miwili ukutani kwetu Port Victoria. Baba hakungoja fremu. Alikipigilia msumari, juu tu ya jina langu.

(Ni furaha, jamani. Kwenu vyeti hukaa wapi? Semeni ukweli.)

Karani, mama wa makamo, akakiinua kwenye mwanga. Nikaona jicho lake kupitia tundu.

"Nani ametoboa hii?"

"Ni Baba. Alitundika kwa ukuta."

Akapitisha kidole kwenye tundu.

"Wageni walikuwa wanaonyeshwa?"

"Wote, Mama. Hata wenye wamekuja tu kuuza samaki wa omena."

Akacheka mpaka akavua miwani, kisha akagonga muhuri.

Nimempigia Baba, nikamwambia nimepita.

Akauliza: "Cheti wamekurudishia? Msumari bado iko."