Muosha wa Ole

Nyuma ya msikiti wetu kule Ole, kisiwani, kuna makaburi mawili ya watu wazima yaliyobanana hata mguu haupiti kati, na ubavuni mwake yako madogo mawili. Nilipoolewa huko, mwishoni mwa miaka ya hamsini, siasa zikipamba moto, nilidhani wale ni ndugu. Asubuhi moja ya Shaabani, tukipalilia makaburini, mama mkwe wangu akacheka.

"Ndugu wapi, mwanangu! Huyu bibi, huyu mjakazi wake."

Akanisimulia alivyosimuliwa na bibi mzaa mama yake. Mjakazi aliletwa kutoka bara akiwa mdogo, hata kwao hakukujua. Ndui ilipoingia, watu walikimbia, wakaacha wagonjwa majumbani. Yeye alikwisha kuiugua utotoni, uso wake umejaa makovu, na ndui haimrudii mtu. Akabaki. Alipita nyumba kwa nyumba akiwanywesha uji walio hai na kuwaosha waliokufa, waungwana kwa watumwa. Watoto wawili wa bibi aliyemmiliki walifia mikononi mwake. Bibi mwenyewe alipona kwa kuuguzwa naye, akamwacha huru. Hakwenda popote; akawa muosha wa mji mzima.

Alipokufa, wazee walitaka azikwe bondeni, kwenye makaburi ya watumwa. Bibi, sasa mjane mkongwe, alitoka nje mchana kweupe, jambo ambalo wanawake wa daraja yake hawakulifanya, akaja hapa nyuma ya msikiti, akasimama mbele ya wanaume.

"Mzikeni hapa, karibu na wanangu," alisema. "Nami mtanizika ubavuni pake."

Wakachimba pale pale.

Mwaka ule ule niliosimuliwa hayo, jirani yetu, mwanamke wa rika la mama mkwe, alifariki. Wao walikuwa chama kingine, sisi kingine. Hata salamu zilikatika. Wanawake wa upande wetu walijifungia ndani. Mama mkwe alichukua kafuri na udi, akavaa buibui lake.

Mume wangu akamzuia mlangoni. "Mama, unakwenda kwa watu wasiotuitikia salamu?"

"Naenda kumwosha mwenzangu. Tumechuma karafuu pamoja wewe hujazaliwa." Akanigeukia. "Nifuate."

Nilimfuata nikiogopa watu, nikiogopa na maiti, maana nilikuwa sijawahi kumgusa. Binti wa marehemu alitutazama, mkono ameuweka kwenye mwimo wa mlango. Kisha akamwangukia mama mkwe kifuani, akalia kwa sauti. Chumbani mimi nilikuwa namimina maji, mama mkwe akiosha na kunielekeza taratibu.

Baada ya Alasiri nilichungulia dirishani nikamwona mume wangu nyuma kabisa ya jeneza, kichwa chini. Wenzake wa barazani walimnunia siku nyingi.

Siasa hazikuisha, watu waliendelea kususiana maduka na harusi. Lakini nilipojifungua mwanangu wa kwanza, aliyekuja kunikanda kila asubuhi, akiwa na maji yake ya moto na majani, ni yule binti.