Burnsville hadi Blaine, Hita Ikipuliza Baridi

Nilitoka Dodoma mwezi wa tisa kwa sababu moja. Binti yangu Neema, muuguzi kule Burnsville, ng'ambo kwenye theluji, alikuwa mjamzito, nami nilitaka mjukuu wangu wa kwanza nimpeleke kanisani kwa mikono yangu. Darasa la tatu sikumaliza, lakini gereji yangu ina miaka thelathini na hakuna aliyenishika mkono kunifundisha.

Jumapili yenyewe ya kumpeleka mtoto ilikuja Januari, nimebakiza siku mbili nirudi nyumbani. Mkwe wangu alikwishaenda zamu hospitali na gari lake, makoti mawili mwilini.

Saa mbili asubuhi tuliondoka na gari la Neema, ambalo tangu ajifungue lilikuwa la kwenda dukani tu. Yeye usukani, mimi nyuma na mtoto. Kanisa letu la Waswahili liko Blaine, upande wa pili wa jiji.

Tulipovuka mto, hita ilikuwa bado inapuliza hewa ya friji.

"Baba, mtoto atapata baridi. Nageuza."

"Endesha! Injini itapata moto sasa hivi."

Nilivua koti nikamfunika mtoto. Halafu nikachungulia mshale wa joto la injini. Umelala chini kabisa.

Tulipofika Roseville, Neema alikata kona kwenda kwa Fundi Bahati, Mkongo wa Bukavu tunayesali naye. Tulimkuta na suti, anajiandaa kutoka. Akafungua boneti, akashika mpira wa rejeta.

"Hii injini haipati moto. Nani alitoa themostati?"

"Sijalipeleka kwa fundi yeyote," Neema alisema. Kisha akanigeukia. "Baba?"

"Ni mimi. Mwezi wa tisa. Kwetu gari likiingia mikononi mwangu, natoa kwanza hicho kidude, maji yapite, injini isichemke."

Bahati alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Papa, hata Bukavu tunatupa! Lakini huku kwenye theluji, bila hicho cha kuzuia maji mpaka injini ipate moto, hita inapuliza baridi tu."

"Mimi situpi kitu. Kimo kwenye buti, ndani ya soksi."

Nilivua tai, nikashika spana mwenyewe. Bahati alianza kunielekeza. Nikamwambia amulike tochi tu. Nusu saa, kikarudi mahali pake.

Kabla ya kufika Blaine mshale ulisimama katikati, Neema akavua glovu. Tuliwakuta waumini wanaimba wimbo wa mwisho, wakitungoja. Nilimnyanyua mjukuu wangu kwa mikono inayonuka maji ya rejeta, naye hakulia.

Njiani kurudi, Neema alinitazama kwenye kioo.

"Baba, kuna gari lingine umeligusa?"

"La mumeo."

"Baba! Tangu Novemba anasema anaganda kwa baridi garini!"

Jumatatu niliinama chini ya boneti la gari la mkwe, nikakirudisha na chake. Vijana wangu wa gereji, mnaposoma hii: kabla hamjatoa kile kidude, ulizeni kwanza gari linaishi wapi.