Mbuzi Aliyechukuliwa na Mtani

Mimi ni mtoto wa mjini Tabora, binti wa fundi cherehani. Nilipoolewa kijijini, upande wa Kipalapala, nilikuwa najua kutofautisha kaniki na marekani kwa kugusa tu, lakini mbuzi nilimjua akiwa kwenye sufuria. Mama mkwe wangu alinicheka mpaka akachoka, kisha akanifundisha kukamua. Namshukuru hadi leo, ingawa mikono yake ilikuwa mizito na mdomo wake mkali zaidi.

Nilijifungua binti yangu wa kwanza kiangazi, Waingereza wakiwa bado wanatutawala. Siku chache baadaye titi moja likavimba, likatunga usaha, nikashikwa na homa iliyonilaza kama gogo. Nilipoinuka, matiti yangu yalikuwa yamekauka yote mawili. Wanyonyeshaji wa jirani walinisaidia walivyoweza, nao walikuwa na wa kwao. Mtoto akabaki anategemea mbuzi mmoja jike, mweupe mwenye baka jeusi shingoni, ambaye mama mkwe alimtoa kwenye kundi lake na kusema, "Huyu ni mama yake wa pili."

Basi mama wa pili akatunzwa kama bibi harusi. Mama mkwe alimfunga ndani ya nyumba, nyuma ya kilindo, lile pipa la gome la kuwekea mtama, asionwe na macho ya watu wala asinuswe na fisi. Alimletea pumba na mabua makavu huko huko gizani. Mbuzi wenzake walitoka kwenda porini, yeye hakutoka. Sisi wote tuliona huo ndio upendo.

Muda si muda manyoya yake yakasimama, akaanza kujikuna ukutani mpaka ngozi ikatoka damu. Ukiyapanua manyoya ulikuta chawa wametanda kama pumba, na masikioni kupe wamening'inia. Jua likizama akawa anagonga kilindo, anagonga mlango, anakanyaga moto. Macho yalikuwa wazi lakini hayaoni. Maziwa yakapungua, na binti yangu akawa analia kilio chembamba ambacho sipendi kukikumbuka.

Ndipo akaja mtani. Alikuwa Mgogo, mtu mzima, mfanyakazi wa Bwana Mifugo pale mnadani, na kila mara akipita kwetu lazima atutukane kwanza ndipo asalimie. Alimtazama yule mbuzi, akaacha mzaha kidogo.

"Mama, mtoe huyu mnyama. Anataka jua na majani mabichi. Na hao chawa nitamwogesha kwa dawa ya josho."

"Dawa ya serikali kwenye maziwa ya mjukuu wangu? Thubutu! Na huko nje, fisi wako watanilipa?"

"Fisi ni wajomba zenu, si wangu," akajibu, akaenda zake.

Kesho yake asubuhi alirudi. Hakubisha hodi. Aliingia mpaka nyuma ya kilindo, akamfungua mbuzi, akatoka naye uani akiimba kwa sauti: "Hongo yangu! Hongo ya maji! Babu yenu alipita kwetu na pembe zake za ndovu, akanywa kisima cha babu yangu, akakimbia bila kulipa ushuru. Leo nimeipata!"

Nilishika mchi. Haki ya Mungu ningempiga nao. Mama mkwe akanishika mkono.

"Acha. Ni mtani."

"Anachukua maziwa ya mtoto!"

"Mtani akichukua amechukua. Ukikasirika wewe ndiye mkosaji."

Nilikuwa najua utani, nani hajui? Kwetu mjini mtani alikunyang'anya kofia au kipande cha nyama, mkacheka. Sikujua kwamba unaweza kumtazama mtu akiondoka na uhai wa mwanao huku mila ikikutaka utabasamu. Nilikaa chini nikalia kwa hasira. Mama mkwe naye hakucheka. Aligeukia kilindo, akawa anapanguza mahali pasipo na vumbi.

Alfajiri iliyofuata mke wa yule mtani alifika na kibuyu cha maziwa ya ng'ombe, na salamu ya mumewe: "Haya ya kumnyamazisha huyo mtoto wenu, kelele zake zinafika mnadani." Niliona ni kejeli juu ya wizi. Nilitaka kuyamwaga. Lakini hasira ni hasira na mtoto ni mtoto. Nikayachemsha, nikayapunguza makali kwa maji, nikamnywesha. Kikawa kinaletwa kibuyu kila alfajiri, na kila kibuyu kilikuja na tusi jipya. Nami nilimnywesha mtoto huku nimenuna.

Mwezi ulipoandama mtani akatokea jioni, amemshika mbuzi kamba. Nilidhani kaleta mwingine. Manyoya yalikuwa yamelala, yanang'aa, na baka la shingoni limekuwa jeusi kweli kweli. Giza lilikuwa linaingia, naye akapita katikati ya mafiga, vinu na vyungu bila kugusa hata kimoja, akaja kunusa kanga yangu.

"Mbuzi wenu hana nyama," akasema mtani. "Chukueni."

Mkewe ndiye aliyetueleza. Walikuwa wamemnyoa, wakamwogesha dawa, na baada ya siku kadhaa wakamrudia kwa ajili ya mayai ya chawa. Walimpa kijiko cha mafuta ya samaki, kisha kila siku majani machanga ya miombo, yale yanayochipua kabla ya mvua, na matembele ya bustanini kwake. Bwana Mifugo aliita kitu kilicho ndani ya majani hayo vitamini. Kukikosa ndiko kulikompofusha mbuzi magharibi. Mke alikuwa akimkamua asikauke, akiyamwaga maziwa mpaka dawa imtoke mwilini.

Mama mkwe alisikiliza yote. Kisha akamwambia mtani, "Mwizi mkubwa wewe, hata kuiba hujui." Jioni ile ile akahamisha kigingi, akakipeleka nje kwenye uzio wa miiba. Binti yangu akanenepa mashavu.

Nilitaka kushukuru nikakatazwa. Mtani hashukuriwi, anatukanwa. Basi miaka yote nilimtukana kwa moyo wangu wote, na binti yangu alipojua kusema akamwita Mwizi wa Mbuzi, naye akaitika kwa fahari.

Alipofariki tulikwenda sisi watani wake kufanya kazi yetu, kuwachekesha wafiwa. Binti yangu, keshakuwa msichana mwenye miguu mirefu, alisimama mbele ya jeneza akazuia njia: "Mwizi wa Mbuzi, huendi popote! Amka utulipe!" Watu wakacheka huku wanalia. Zamu yangu ikafika. Nilikuwa na tusi zuri, nimeliandaa njia nzima. Nikamtazama yule msichana aliyesimama pale, mzima, ana sauti, na tusi likanipotea.

Nikasema, "Ahsante, baba."

Kisha mama mkwe, aliyekuwa ameinamia fimbo yake, akapaza sauti: "Huyu wa mjini ameharibu utani! Atozwe kuku!"

Nilimtoa jogoo wangu mkubwa kuliko wote.