Matawi Kwenye Ukungu

Mwanangu, ile asubuhi naikumbuka mpaka baridi yake. Usicheke kwamba baba yako mdogo anatoa nasaha na hana hata mvi moja. Nimesikia umepata leseni na mikono inakutetemeka kwenye usukani. Yangu ilitetemeka kuliko yako.

Nilikuwa nimegonga lori bovu kwa nyuma, kwenye ukungu. Sikuumia, ila tangu hapo kila nikishika ufunguo naliona lile lori mbele yangu. Pikapu ikakaa uani miezi, kuku wakataga ndani. Bibi yako, na goti lake lile, akawa anapanda bodaboda kutoka Bugarama kwenda kliniki Ngara mjini. Alipoanguka nayo niliona aibu, nikawafukuza kuku ili asubuhi ile nimpeleke mwenyewe.

"Nilikubeba mgongoni sikukudondosha," aliniambia akipanda. "Na wewe nibebe, Deo. Polepole tu."

Kwenye mteremko ukungu ukatufunika. Nikaona tawi barabarani. Mbele yake la pili, halafu la tatu. Maana yake unaijua: mbele kuna gari limeharibika. Nikakanyaga breki, nikasimama palepale katikati ya lami, nikazima kila kitu ili nisikilize.

Kimya. Hata ndege hakuna.

"Si ushuke ukaangalie?" Mama akasema.

Nikatembea nimenyoosha mkono kama kipofu, nikisubiri kugusa bati. Tawi la nne. La tano. Majani mabichi, yanadondosha maji. Nikafika kwenye jiwe la kuzuia tairi, na oili bado inang'aa chini. Gari bovu lenyewe halipo, kama vile limeyeyuka. Nikageuka, na pikapu nayo haipo. Weupe mtupu pande zote.

"Deo!" Sauti ya Mama ikatokea upande wa bondeni, ambako hakuna barabara. "Deo, kuna kitu kinakuja nyuma!"

Nikausikia mngurumo. Lile lori nililoliogopa siku zote, sasa lilikuwa sisi. Gari limezimwa katikati ya njia, halina taa, mama yangu yumo ndani, na nyuma yake hakuna tawi hata moja.

Nilikimbia nikifuata yale matawi kurudi, mpaka tumbo likagonga boneti. Nikawasha, nikaitoa pikapu pembeni kabisa, taa zote zinawaka. Kitu kikubwa kikatupita kikipiga honi. Dereva wake sikumwona.

"Umemaliza kuogopa?" Mama akauliza.

"Bado."

"Basi twende hivyohivyo, nisije nikakosa namba ya foleni kliniki."

Nikashuka kwanza, nikayatupa mtaroni matawi yote ambayo wenye gari lile waliondoka wakayaacha, kisha nikaendesha polepole hadi mjini.

Kwa hiyo ogopa, mwanangu, wala si aibu. Hofu itakufundisha kwenda polepole. Ila usilizime gari katikati ya barabara. Ukizidiwa, toka pembeni, washa taa, pumua, halafu nenda hata kona moja tu, na nyingine kesho. Kaa na mtu anayekupenda, umwambie wazi kwamba unaogopa. Na ukiweka matawi, yaondoe ukishapona.

Mungu akutangulie kila kona, ukungu ukufungukie, na wanaokungoja nyumbani wasikie honi yako kabla uji haujapoa.