Kiti cha Bosi

Mume wangu ni kuli. Wenzake ghalani wanamwita Kamba, maana mzigo aliofunga yeye hautikisiki hata gari lipite kwenye mashimo ya namna gani. Mimi namwita hivyo nikikasirika tu, na siku tuliyohama nilimwita Kamba tangu asubuhi.

Haki ya kukasirika nilikuwa nayo. Nyumba mpya tuliitafuta kwa ajili ya mama yake, ambaye sote tulimwita Bosi. Miguu ilikuwa imemkatalia, na sisi tulikaa ghorofa ya tatu. Kamba alimbeba mgongoni kumshusha kwenda kliniki, na Bosi huko juu anatoa amri: "Polepole wewe, mimi si gunia la saruji!" Basi tukapata vyumba viwili vya chini, vidogo, mbali na kazini. Kabla hatujahama, Bosi akafariki.

"Sasa tunahamia nini?" nilimuuliza mume wangu. "Vyumba vyenyewe kama kabati. Si tubaki?"

"Tunahama."

Basi, hilo tu. Hakulia kaburini, hakulia nyumbani. Nikimwekea chakula anakula, nikizima taa analala. Watu wakasema amejikaza kiume. Kujikaza gani huko? Mimi niliogopa. Alikuwepo na hayupo, na ningehamia hata shimoni ilimradi mume wangu anirudie.

Na mimi, kusema kweli, sikusikia kitu. Nilifunga vikombe kwa magazeti, nikakunja mapazia, nikafungua kabati la Bosi na kutia magauni yake sandukuni kama natia nguo za dukani. Mwanamke yule tumegombana naye juu ya chumvi, juu ya sabuni, hata juu ya namna ya kukamua tambara! Nikangoja machozi, wapi. Mikono ilifanya kazi peke yake.

Kamba akapakia pikapu kama anavyopakia siku zote. Kuli haangalii ukubwa wa mzigo tu. Anajiuliza nini kitahitajika kwanza huko unakokwenda, na hicho anakipakia mwisho. Kikaingia kitanda, kabati, meza, masufuria. Mwisho kabisa akashuka na kiti cha Bosi, kile cha mbao chenye mto wa bluu, akakifunga nyuma kabisa kwa fundo lake.

"Hicho si kingeingia chini ya meza?" dereva akauliza.

Kamba akazidi kulikaza fundo. Nikaona ni ule ubishi wake, nikapanda mbele nikakaa.

Tulipofika aliruka chini, akafungua fundo, akakipeleka kiti barazani penye kivuli. Akakitikisa kuona kama kimekaa sawa. Akaupigapiga mto vumbi litoke. Halafu akaja upande wangu, akafungua mlango wa gari, akageuka, akanipa mgongo. Akachuchumaa, mikono ameirudisha nyuma, tayari kubeba.

Dereva akanitazama. Mimi nikatazama ule mgongo. Ndipo nikaelewa kwamba alikuwa amepanga hivyo tangu siku tuliyopata vyumba: Bosi akae kwanza, atoe amri, ndipo sisi tushushe vyombo.

Mikono yake ilibaki vile vile nyuma, inangoja. Kisha ikashuka polepole, nikajua amekumbuka.

Nikashuka, nikampita, nikaenda kukaa kwenye kile kiti. Sikujua lingine la kufanya.

"Polepole wewe," nikamwambia. "Vyombo vyangu si magunia ya saruji."

Akaja, akapiga magoti mbele yangu, akaweka kichwa mapajani mwangu akalia, mtu mzima na mabega yake yale, analia anamwita mama. Mimi bado sikuwa na chozi, lakini mkono wangu ulikuwa juu ya kichwa chake na nilikuwa nausikia uzito wake. Dereva akazima injini, akangoja.